Mara Tatu kwa Dakika

Moyo umeimbwa, umetosha.
Kila redio ya Kamalondo ina moyo uliovunjika,
kila fulana ya soko la Kenya ina moyo mwekundu kifuani.
Tumbo, nani amelitungia?
Nalo lina umeme wake, mchache,
mchache kuliko ule unaofika Katuba saa nane usiku:
wimbi, kimya, wimbi, kimya,
mara tatu kwa dakika,
umeshiba au una njaa,
umelala au unagombana na mwenye nyumba.

Mama Numbi alikuja Jumanne, kitenge kimemzunguka mara mbili
pale kilipokuwa kikimzunguka mara moja kwa shida.
Matonge mawili ya bukari, akasema, la tatu linarudi.
Hospitali kubwa walimshushia kamera kooni, dola tisini.
Hakuna kidonda. Hakuna uvimbe.
"Hakuna kitu," wakaandika,
na pale daktari anapoandika hakuna kitu
nabii wa mtaa huandika jina.

Jina lilikuwa Ngosa.
Miaka tisa, mtoto wa marehemu dada yake,
ameketi kwenye korido yangu
na viatu vya plastiki visivyo pacha,
benchi zima lake peke yake
wakati watu wamesimama.

"Wanasema usiku anakula tumbo langu."
Mama Numbi hakunitazama.
"Mimi sijui. Mimi natapika tu."

Nikampangusa kwa spiriti, nikabandika vibandiko vitatu chini ya mbavu,
nikaunga waya za shaba, labda shaba ya hapa hapa
iliyokwenda ng'ambo ikarudi imevikwa plastiki.
Nikamwambia asiongee, asicheke.
"Kucheka?" akasema.

Nusu saa. Kwenye skrini, vurugu tupu:
moyo unajisemea kwa sauti kama kawaida yake,
pumzi, lori la Kasumbalesa,
jenereta ya muuza samaki jirani ikivuma hamsini kwa sekunde.

Baba yangu alikuwa akiosha mawe ya kijani mtoni.
Karai zima la udongo; matope yanakwenda na maji,
changarawe inakwenda,
anabaki na kijiko kimoja cha kitu.
Ndiyo kazi yangu. Nimebadilisha mto tu.
Nikatupa cha haraka: jenereta, moyo, pumzi.
Nikatupa cha polepole mno: jasho, kujigeuza kitandani.
Nikahesabu kilichobaki.

Tatu. Tatu. Tano.
Saba.
Saba na nusu, vijiwimbi vinakimbizana bila kusukuma kitu,
kama mlango wa benki siku ya mshahara,
kila mtu anasukuma, hakuna anayeingia.
Kisha kimya, dakika mbili nzima.
Kisha saba tena.

Nikamwonyesha kwa kidole.
Hiki ndicho kilichokuwa kikimla. Hakina meno,
hakijui njia ya kutoka chumba kimoja kwenda kingine usiku.
Dawa ipo, nikasema. Wengine inawafaa.
Wengine, sikumficha, haiwafai.

Aliuliza jambo moja: "Karatasi hii ina mhuri?"

Sikuwa na mhuri.
Nikavuka barabara hadi kwa Kabwita wa famasia,
akanigongea ule wa duka lake, wa zambarau,
mara mbili, nabii aone vizuri.

Niliporudi, Ngosa alikuwa mlangoni, macho kwenye waya.
"Langu linafanyaje?"

Akapanda kitandani na viatu vyake.
Betri imebaki robo.
Tatu. Tatu. Tatu.
Wimbi jembamba, la mtu ambaye hajala tangu jana.
Nikampa andazi langu.
Mama Numbi akasita, kisha akasogeza kiti karibu,
goti lake likagusa mguu wa mtoto, hakuliondoa.
Umeme wa mji ukakatika. Muuza samaki akatukana.
Sisi watatu tukabaki na mwanga wa skrini,
tukilitazama wimbi
likianza kunenepa.